Kahaya wa Pili na Nyumba ya Kamukuzi

Askari aliyepata kulinda amani katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale anaijua nchi ya Isingiro: vilima vikavu, ziwa, na ng'ombe wenye pembe ndefu. Katika Isingiro hiyo umo msitu wa Ishanze walikozikwa wafalme wa kale wa Ankole. Nyumba zao hazionekani tena. Omugabe alijengewa kwa miti na nyasi. Alipohama na ng'ombe wake, au alipofariki, makao yaliachwa yakaota majani. Desturi hiyo ilikoma wakati wa Kahaya wa Pili.

Ntare wa Tano alifariki mwaka 1895 bila kuacha mwana wa kumrithi. Sotoka ilikuwa imekwisha teketeza ng'ombe, na ndui ilikuwa imeua watu. Kahaya, mtoto wa ndugu yake Ntare, alitawazwa akiwa kijana, mrefu kupita futi 6, huku jamaa zake wakigombea kiti hicho hicho. Mwaka 1898 Waingereza walifungua boma lao Mbarara, na mwaka 1901 wakatiliana mkataba na Kahaya. Mkataba ulimpanulia mipaka mpaka Igara na Buhweju, lakini amri ya mwisho ikawa ya wageni. Wengi walimwona waziri wake mkuu, Nuwa Mbaguta, kuwa ndiye mwenye nchi hasa.

Mei 1905 afisa wa Kiingereza, Galt, alichomwa mkuki huko Ibanda. Polisi wetu watashangaa kusikia kwamba aliyeshukiwa alikutwa amekwisha kufa, na chanzo cha mauaji hakijajulikana kwa hakika hata leo. Hata hivyo adhabu iliwaangukia wote: mkataba ulisimamishwa, ukarejeshwa mwaka 1912.

Kahaya hakuwa tena mfalme wa kuhamahama. Alitulia Kamukuzi, kilima cha Mbarara, na hapo ndipo Ankole ilipopata makao ya kudumu ya mfalme. Alifariki mwaka 1944. Hakupelekwa Ishanze kama wazee wake, bali alizikwa Nkokonjeru, karibu na mji. Aliyemfuata, Gasiyonga wa Pili, ndiye aliyekuwa kitini wakati wakimbizi kutoka Rwanda walipopewa ardhi Nakivale, kiasi cha mwaka 1960.

Mwaka 1967 falme zilifutwa, na mali zake zikawa za serikali. Mwaka 1979 vita vilibomoa sehemu kubwa ya mji, kwa hiyo majengo ya zamani yaliyosalia Mbarara ni machache. Mwaka 1993 Buganda, Bunyoro na Toro zilirudishiwa viti vyao. Ankole haikurudishiwa, na wananchi wake wenyewe hawakuwa na kauli moja juu ya jambo hilo. Kwa maoni yangu ugomvi huo wa kiti ndio unaoiua nyumba. Anayetaka ufalme hana mamlaka ya kuezeka paa, na asiyeutaka huogopa kwamba kuliezeka ni kumrudisha mfalme. Mtu aweza kuukataa ufalme na bado akaihifadhi nyumba.

Tangu Julai 2020 Mbarara ni jiji. Viwanja vinapanda bei, maghorofa yanaongezeka, na Kamukuzi imo ndani ya jiji hilo.