Daktari wa Jicho Moja Aliyeona Mbali

Wengi wetu tukiambiwa tuandike juu ya mtu mashuhuri, mbio tunakwenda kwa wanasiasa na wanariadha. Mimi nimemchagua daktari. Jina lake ni Denis Burkitt, na saratani iliyopewa jina lake huwapata watoto wengi wa huku kwetu karibu na Ziwa Victoria.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mjini Enniskillen, Ayalandi ya Kaskazini. Akiwa na umri wa miaka 11 jiwe lilimpiga usoni, akapoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, kisha akageukia udaktari. Alipoomba kazi katika makoloni ya Waingereza alikataliwa kwa sababu ya jicho lile. Hata hivyo hakufa moyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa daktari wa jeshi, akafika hata hapa Kenya, na mwaka wa 1946 akapata kazi Uganda.

Mwaka wa 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Daktari Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba mataya juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt akashangaa, maana uvimbe kwa kawaida hutokea upande mmoja tu. Wiki chache baadaye, mjini Jinja, akamwona mtoto mwingine wa namna ile ile, na tumboni pia alikuwa na uvimbe. Akafukua faili za wagonjwa, na mwaka wa 1958 akachapisha makala kuhusu saratani hiyo.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Burkitt alituma picha na maswali kwa hospitali nyingi za Afrika. Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walipanda gari kuukuu, wakasafiri wiki 10 na maili 10,000 hivi, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye nyanda za chini zenye joto na mvua, kule kule malaria inakosumbua! Milimani kwenye baridi haukuonekana. Mwaka huo huo Anthony Epstein alimsikiliza akihutubu London, na mwaka wa 1964 yeye na wenzake wakatangaza virusi walivyovipata ndani ya seli za uvimbe huo.

Sasa, seli hizi si mchezo. Huzaana kwa kasi hata uvimbe ukawa maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini nyingi pia hufa zenyewe, na kwenye darubini zile seli kubwa zinazokula maiti hizo huonekana kama nyota za usiku. Tena zikipigwa na dawa hufa upesi. Burkitt alilishuhudia hilo Mulago, ambako hakukuwa na mashine ya mionzi: watoto wengine walipewa dawa kidogo tu wakapona kabisa.

Hapo ndipo ninapopata uchungu. Mtaani kwetu mtoto akivimba shavu, watu husema ni jino. Mtoto wa jirani yetu alifungwa majani shavuni wiki tatu kabla ya kupelekwa hospitali. Alikuwa na miaka 6. Tulimzika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa ugonjwa unaokua kwa siku moja, wiki tatu ni nyingi mno.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka wa 1966. Huko Uingereza alijulikana tena kwa kuwahimiza watu wale vyakula visivyokobolewa, kwa kuwa aliona Waafrika waliovila hawakupata sana magonjwa ya utumbo. Alifariki tarehe 23 Machi 1993.

Basi ewe mwenzangu, ukimwona ndugu yako mdogo taya limevimba na meno yanalegea, usikubali kuambiwa ngoja kesho. Mwambie mama, mwambie mwalimu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Dawa ipo, na inafaa zaidi ikiwahi.