Chifu Adam Sapi Mkwawa: Alipokea urithi wa Kalenga, akashika mizani ya Bunge

UKITOKA Iringa mjini kwa barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, baada ya kilometa kama 15 unafika Kalenga. Wafanyabiashara wengi wa mazao hupita hapo na magari yao, lakini ni wachache wanaosimama. Ndani ya nyumba ndogo ya makumbusho kijijini hapo limehifadhiwa fuvu lililokaa ugenini kwa zaidi ya miaka 50.

Mtu aliyelipokea fuvu hilo siku liliporudishwa ni Chifu Adam Sapi Mkwawa. Watanzania wengi wanamkumbuka kwa jambo jingine: ndiye aliyekalia kiti cha Spika wa Bunge kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Ila kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo wa Nyanda za Juu Kusini, mambo hayo mawili ni somo moja, nalo linahusu mali ambayo wengi wetu hatujaihesabu kuwa mali.

Ukoo uliopoteza ngome

Adam Sapi alizaliwa mwaka 1920. Alikuwa mtoto wa Chifu Sapi, na mjukuu wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe ambaye Agosti 17, 1891 majeshi yake yaliwashinda Wajerumani pale Lugalo na kumwua kamanda wao, Emil von Zelewski.

Ushindi huo ulikuwa na gharama yake. Oktoba 1894 Wajerumani waliivunja ngome ya Kalenga kwa mizinga. Mkwawa akaendelea kupigana akiwa porini hadi Julai 19, 1898, alipojiua kwa risasi huko Mlambalasi ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa.

Tusisahau kwamba vita hivyo havikuwa vya Wahehe na Wajerumani peke yao. Merere wa Wasangu, ambao Wahehe walikuwa wamewafukuza katika nchi yao, alisimama upande wa Wajerumani. Bonde la Usangu walilogombea ndilo leo linalotoa mpunga wa Mbarali. Makabila yaliyopigana mikuki, leo wajukuu wao wanauziana mchele na mahindi katika masoko ya Mbeya na Iringa.

Waingereza walipokuja na utawala wa kupitia machifu, ukoo wa Mkwawa ulirudishiwa kiti mwaka 1926 kwa Sapi, baba yake Adam. Baadaye Adam naye alikirithi angali kijana. Kati ya mwaka 1947 na 1948 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, akiwa miongoni mwa Waafrika wanne wa kwanza kuketi humo, pamoja na Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga, Chifu Abdiel Shangali wa Moshi na Juma Mwindadi wa Dar es Salaam.

Deni la miaka 35

Mkulima aliyewahi kukopwa mazao yake na kubaki na stakabadhi mkononi ataielewa vizuri habari ya fuvu la Mkwawa.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Deni liliandikwa katika mkataba mkubwa kuliko yote ya wakati ule, tena pamoja na muda wa kulilipa. Miezi sita ikapita. Ikapita miaka 10, kisha 20, na kalipita jingine la vita kuu, bila fuvu kuonekana.

Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda Bremen, Ujerumani, ambako makumbusho ilikuwa na shehena ya mafuvu yaliyokusanywa kutoka makoloni. Akachagua moja lililoonekana kulingana na vipimo vya ndugu wa ukoo, na lenye alama ya risasi. Juni 19, 1954 alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi pale Kalenga mbele ya umati wa watu.

Wapo wataalamu ambao wametilia shaka kama fuvu hilo ndilo lenyewe. Shaka hiyo ni halali, maana waliochukua hawakutunza kumbukumbu kama inavyompasa mtu anayechukua mali ya mwenzake. Lakini hata hivyo deni lilikuwa limetambuliwa hadharani, na aliyedai alipewa mkononi.

Waingereza nao hawakufanya hivyo bila hesabu zao. Gavana alihitaji machifu wawe upande wake wakati siasa zilipoanza kupamba moto. Siku 18 tu baada ya sherehe ya Kalenga, Julai 7, 1954, chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam. Kama lengo lilikuwa kumfanya chifu wa Wahehe abaki mtu wa mkoloni, hesabu hiyo haikutoka. Miaka minane baadaye mpokeaji wa fuvu alikuwa anaongoza vikao vya Bunge la nchi huru.

Kutoka kiti cha kurithi hadi cha kuchaguliwa

Novemba 1962 Chifu Adam Sapi alichukua kiti cha Spika kutoka kwa Abdulkarim Karimjee, wa ukoo maarufu wa wafanyabiashara. Akawa Mwafrika wa kwanza kukikalia.

Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya kufuta mamlaka ya machifu. Tuitafakari hali ile. Spika aliyekuwa anaongoza Bunge ni chifu mwenyewe, mrithi wa kiti ambacho babu yake alikifia. Sheria ile ilihusu mamlaka ya nyumbani kwake, na yeye alikuwa mlinzi wa utaratibu uliokuwa ukiyaondoa. Ikapita, naye akaendelea na kazi.

Mkulima anaweza kumlinganisha Spika na mpima mizani ghalani. Mizani haimtazami mwenye gunia. Mpimaji anayeongeza kilo kwa gunia la shemeji yake ameua soko zima, kwa sababu kesho hakuna atakayeleta mzigo. Wanaolalamikia lumbesa leo, iwe kwenye viazi vya Njombe au vya Mbeya, wanalalamikia jambo hilo hilo: kipimo kinachomfuata mwenye nguvu.

Mkulima katika miaka ya Spika huyo

Adam Sapi alikuwa Spika hadi mwaka 1973, akapisha kwa miaka miwili ambayo kiti kilikuwa cha Erasto Mang'enya, kisha akarudi mwaka 1975 na kukaa hadi 1994 alipompisha Pius Msekwa. Ni karibu miaka 30, na katika miaka hiyo maisha ya mkulima yaligeuzwa mara kadhaa.

Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa kudumu uligeuzwa kuwa upangaji kwa Serikali. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria ya kuvirudisha. Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi uliingizwa katika Katiba, na mwaka 1993 sheria za bodi za mazao zikarekebishwa ili wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua.

Nyumbani kwake hakukuwa shwari wakati wote. Ismani, ambako wakulima wa mahindi walikuwa wamefungua mashamba makubwa, ndiko Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alikopigwa risasi na kufa Desemba 25, 1971, katika mgogoro wa ujamaa na mkulima Said Mwamwindi, ambaye baadaye alinyongwa. Wananchi wa Iringa walijifunza kwa damu kwamba suala la ardhi likikosa mahali pa kuzungumzwa, hutafuta njia nyingine.

Ndiyo maana kiti cha Spika si jambo la wanasiasa peke yao. Kila sheria niliyoitaja iliingia kwenye shamba la mtu fulani, na ilipitia mahali ambapo wajumbe walipaswa kusikilizwa kwa zamu.

Urithi nao ni bidhaa

Chifu Adam Sapi Mkwawa alifariki dunia Juni 25, 1999. Alichokipokea Kalenga bado kipo, na swali la kiuchumi tunalopaswa kujiuliza ni nani anafaidika nacho.

Wachumi hutambua kwamba jina la mahali lina bei. Mfanyabiashara yeyote wa mchele anajua kuwa gunia likiitwa la Kyela linatoka haraka, ndiyo maana mchele wa kwingine nao huitwa wa Kyela. Wakulima wa kahawa wa Colombia waliliona hilo mapema. Shirikisho lao lililoanzishwa mwaka 1927 lilibuni mwaka 1959 picha ya mkulima aitwaye Juan Valdez, mwenye kofia na nyumbu wake, na dunia ikajifunza kuuliza kahawa imetoka wapi. Jina lililotunzwa na wenyewe likawa mali ya wenyewe.

Iringa ina vikapu vinavyosukwa na akina mama kwa milulu, ina Kalenga, Lugalo na Mlambalasi, na tangu mwaka 2016 ina makumbusho ya mkoa katika jengo la Boma la zamani la Wajerumani. Watalii wa Ruaha hupitia hapo hapo. Lakini kikapu kikiuzwa bila jina la msukaji wala la kijiji chake, anayefaidika zaidi ni mchuuzi wa mwisho, kama ilivyo kwa mahindi yanayouzwa yangali shambani.

Kuna mambo ambayo vikundi vinaweza kuanza nayo bila kusubiri mfadhili. Kwanza, kila kikapu kifungwe kijikaratasi chenye jina la kikundi na kijiji. Pili, wanaouza vyakula na mazao barabarani Kalenga wakubaliane na watunzaji wa makumbusho, mgeni aelekezwe pande zote mbili. Tatu, wazee wanaojua historia waandikwe mapema, maana aliyezaliwa wakati wa sherehe ile ya 1954 sasa ana zaidi ya miaka 70.

Chifu Adam Sapi alipokea mali ya ukoo wake iliyokuwa mikononi mwa wengine kwa miaka 56, ikawekwa mahali ambapo Mtanzania yeyote anaweza kuiona. Sisi tuliobaki tusiache majina yetu, vikapu vyetu na mchele wetu vitangulie sokoni bila wenyewe, halafu tuanze kuvidai baadaye. Deni la namna hiyo, kama Kalenga ilivyoonyesha, huchukua muda mrefu sana kulipwa.