Linus Yale na Ufunguo Mdogo

Chukua ufunguo wa kufuli la nyumba yako. Utazame ubavuni. Utaona meno: jino moja refu, jingine fupi, na katikati mabonde. Kama una pikipiki na unaifunga kwa mnyororo na kufuli, ufunguo wake huenda una meno ya namna hiyo hiyo. Mtu aliyetupatia ufunguo huu ni Mmarekani mmoja, jina lake Linus Yale. Huenda umekwisha kuliona jina la Yale limeandikwa juu ya makufuli na vitasa. Sasa soma habari za maisha yake.

Linus Yale alizaliwa mwaka 1821 katika kijiji cha Salisbury, jimbo la New York, nchini Marekani. Baba yake aliitwa pia Linus Yale. Mzee huyo alikuwa fundi, na baadaye alifungua karakana ya makufuli ya benki katika mji wa Newport, katika jimbo hilo hilo.

Kijana hakuanza na kazi ya baba yake. Alipenda kuchora. Alikuwa akichora sura za watu kwa rangi, nao walimlipa. Lakini mkono unaochora picha ndio huo huo unaochora mitambo. Mwishowe aliweka brashi chini akaanza kutengeneza makufuli. Kazi ile ya kuchora haikupotea bure, maana fundi wa makufuli hawezi kufanya kazi bila kuchora kwanza kila kipande kwa vipimo vyake.

Siku zile mafundi wa makufuli walikuwa na ushindani mkali. Huko London, Uingereza, palikuwa na kufuli la fundi aitwaye Bramah. Liliwekwa dirishani mwa duka, na tangazo likaahidi gini 200 kwa mtu atakayeweza kulifungua bila ufunguo wake. Miaka ikapita, hakuna aliyeweza. Mwaka 1851 Mmarekani aitwaye Hobbs alilifungua, baada ya kulishughulikia kwa muda wa siku 16. Watu wa London walishtuka. Hobbs naye alikuwa na kufuli lake kubwa la benki, akasema hilo halifunguki.

Je, lilifunguka? Ndiyo. Baada ya miaka michache Yale alilifungua.

Hapa ndipo tunapomwona Yale alikuwa mtu wa namna gani. Fundi mwingine angejisifu tu. Yale alijiuliza: ikiwa mimi nimeweza kufungua makufuli ya wenzangu, nani atashindwa kufungua langu? Akayachunguza makufuli yake mwenyewe kama mwizi anavyoyachunguza. Akaona kwamba tundu la ufunguo ni mlango. Panapoingia ufunguo, panaweza kuingia na kijiti cha mwizi, au hata baruti. Kwa hiyo kwa ajili ya benki alitengeneza makufuli yasiyo na tundu la ufunguo kabisa. Mwenye benki aliyafungua kwa kuzungusha kirungu chenye namba. Sefu nyingi zimefungwa kwa njia hiyo mpaka leo.

Lakini mtu wa kawaida hana haja ya kufuli la benki. Yeye anataka kufuli dogo la mlango wake au sanduku lake. Wakati ule funguo zilikuwa kubwa na nzito. Mlango ukiwa mnene, ufunguo nao ulipaswa kuwa mrefu. Yale akarudi kwenye wazo la zamani sana. Huko Misri ya kale watu walifunga milango kwa komeo za mti zenye vijiti ndani. Vijiti vilianguka katika matundu ya komeo na kuizuia. Mwaka 1861, na tena mwaka 1865, Yale alipata hati za serikali za kulinda uvumbuzi wake wa kufuli la namna hiyo, lakini la madini, na dogo kabisa. Ufunguo wake ukawa mwembamba na bapa, wa kutiwa mfukoni.

Kufuli hilo linafanyaje kazi? Ndani yake mna kipande cha mviringo kinachozunguka. Juu yake mna pini ndogo, mara nyingi tano, na kila pini imekatwa vipande viwili. Springi huzisukuma chini, nazo huzuia kile kipande kisizunguke. Ukiingiza ufunguo, kila bonde huinua pini yake. Ufunguo ukiwa ndio wenyewe, mahali pote palipokatwa husimama mstari mmoja, kufuli likazunguka. Pini moja ikizidi au ikipungua kidogo tu, kufuli halizunguki.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kila pini inaweza kuwa na urefu wa namna 6. Kufuli lenye pini 3 litakuwa na funguo mbalimbali 6 × 6 × 6, yaani 216. Lenye pini 5 litakuwa na funguo 7,776. Kwa hiyo unaponunua kufuli la pikipiki, hesabu mabonde ya ufunguo. Ufunguo wenye mabonde mawili au matatu ni wa kufungia sanduku la nguo.

Tena kumbuka jambo hili. Kazi ya Yale ni kumzuia mwizi wa kijiti. Mwizi wa pikipiki mara nyingi hana subira ya kuhangaika na pini. Yeye huja na msumeno au mkasi mkubwa wa kukatia chuma. Basi tazama na chuma chenyewe. Mwombe mwenye duka akuruhusu kujaribu kwa tupa mahali pasipoonekana. Tupa ikila, chuma ni laini. Ikiteleza, chuma kimekomazwa kwa moto. Mnyororo mnene uliofungwa kwa kufuli jembamba ni hasara, kwa sababu mwizi atakata kile kilicho chembamba. Pitisha mnyororo kwenye gurudumu la nyuma na fremu, kisha kwenye nguzo imara. Usiuache ulale chini, maana ardhi humsaidia mwizi anayepiga kwa nyundo.

Yale mwenyewe hakuona pikipiki. Pikipiki ya kwanza ya injini ya petroli ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1885, naye alikuwa amekwisha kufa. Mwezi wa Oktoba 1868 alishirikiana na kijana mhandisi, Henry Towne, aliyekuwa na umri wa miaka 24. Walianza kujenga kiwanda katika mji wa Stamford, jimbo la Connecticut. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo, Yale akiwa New York kwa shughuli za makufuli, moyo wake ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka 47. Hakuiona kazi ya kiwanda kile. Towne alikiongoza kwa miaka mingi, wafanyakazi wakafika maelfu, na jina la Yale likabaki juu ya makufuli.