Allidina Visram, tajiri aliyemfuata mteja

Wenye maduka wa mji wetu wana kilio kimoja siku hizi: wateja wamehama. Leso zinauzwa kwenye simu na mabaibui yanaagizwa Dubai na mabinti wasio na duka wala leseni. Kijana anayetaka viatu hapiti tena madukani kuulizia bei, anatumiwa picha usiku na asubuhi bodaboda iko mlangoni. Nimelelewa nyuma ya kaunta ya duka la nguo, kwa hiyo kilio hiki nakijua kwa sauti yake. Lakini ninapoambiwa kwamba haya ni mambo mageni yasiyopata kutokea, nakataa. Yametokea papa hapa pwani, tena kwa ukali zaidi, na yuko mtu aliyeyapitia akatoka tajiri. Jina lake watoto wetu wanalibeba kifuani kwenye sare za shule, ila maisha yake wachache wanayajua.

Allidina Visram alizaliwa mwaka 1851 huko Kutch, Bara Hindi, katika jamaa ya Makhoja wa Ismailia. Alivuka bahari kuja kwetu mwaka 1863, umri wake miaka 12, na mfukoni hana kitu cha kutajwa. Alifikia Bagamoyo, akaingia kazini kwa tajiri mkubwa wa huko, Sewa Haji Paroo, yule ambaye jina lake bado liko katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Tuutazame mwaka huo wa 1863, kwa sababu ndani yake mna somo la kwanza. Nguo iliyopendwa kuliko zote bara wakati huo ilikuwa merikani, kitambaa kigumu cheupe kilichofumwa Marekani na kuletwa Unguja na majahazi ya Salem. Lakini Marekani ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe tangu 1861, pamba haipatikani, na merikani ikaadimika. Wafanyabiashara wa Unguja na Bagamoyo walilazimika kutafuta nguo za Uingereza na za Bombay zilizofanana nayo, na wateja wa bara hawakuzipokea kwa urahisi. Waliijua nguo yao kwa kuishika na kuinusa, hawakudanganyika kwa jina. Kijana wetu alianza kazi katikati ya msukosuko huo.

Na nguo ilikuwa nusu tu ya tabu. Nusu ya pili ilikuwa shanga. Watu wengi hudhani misafara ilipeleka shanga zozote tu, ikarudi na pembe za ndovu. Si kweli hata kidogo. Kila nchi ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulibadilika. Samesame nyekundu ilitakiwa mahali fulani, mahali pengine wanataka nyeupe au buluu, na ukifika miezi sita baadaye hiyo nyekundu hawaitazami tena. Msafara uliochukua rangi isiyotakiwa ulikwama njiani. Hakuna chakula, hakuna ruhusa ya kupita, wapagazi wanatoroka, na mzigo ni wa kutupa. Kwa hiyo tajiri wa Bagamoyo alikuwa hana budi kuwauliza wapagazi wanaorudi kutoka Unyamwezi wanawake wa kule wanavaa nini mwaka huu. Hiyo ndiyo shule aliyosomea Allidina. Leo tunaiita utafiti wa soko na tunalipia semina hotelini.

Nisiipambe biashara hiyo kupita kiasi. Pembe zilitoka kwa kuua ndovu kwa maelfu, na mizigo ya frasila mbili mbili ilibebwa kichwani na watu, wengine wao si kwa hiari yao. Tajiri wa wakati ule alikula kwa jasho hilo, na Allidina hakuwa nje ya hesabu hiyo.

Alipokuwa mtu mzima alikuwa na biashara yake mwenyewe ya kubadilisha nguo, chumvi na nafaka kwa pembe, nta, asali na karafuu. Sewa Haji alifariki mwaka 1897, na kazi kubwa ya misafara ikamwangukia yeye. Mtu mwingine angeshukuru Mungu kwa kuirithi, akakaa Bagamoyo akaendelea vile vile. Lakini mwaka 1896 Waingereza walikuwa wameanza kutandika reli kutoka hapa Mombasa, na Allidina aliona maana yake mapema kuliko wengi. Reli ikifika ziwani, mpagazi amekwisha, na Bagamoyo imekwisha pamoja naye. Akaielekeza biashara yake Mombasa na njia ya reli.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Hakungoja reli imalizike ndipo afungue duka mwisho wake. Alifungua maduka kadiri reli ilivyokwenda. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwisho wa 1901, na katika safari hiyo yote maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi, jumla yao zaidi ya 30,000, walihitaji mchele, dengu, samli ya kupikia, tumbaku na nguo. Kisha akauvuka mstari wa reli wenyewe. Alikuwa na duka Kampala tangu kabla gari moshi halijafika ziwani, akaweka vyombo vyake kwenye Ziwa Viktoria, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 matawi yake yalipita 30, kutoka pwani hadi Uganda na kwingineko. Wazungu wenyewe walimpa jina la utani la mfalme wa Uganda asiye na taji.

Huko Uganda alikuta mteja wa namna nyingine kabisa. Baganda walivaa lubugo, nguo ya gome la mti, na walihesabu mali kwa kauri. Lakini kanzu iliyotoka kwetu pwani ilikuwa imeshaingia, dini zilikuwa zimeingia, na mtu wa heshima hakutaka tena kuonekana na gome. Halafu mkataba wa mwaka 1900 ukaleta kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka. Fikirini wenzangu: nchi nzima inatakiwa kulipa kodi kwa fedha ambayo wengi hawajapata kuishika. Mwenye duka aliyekaa anangoja mteja mwenye rupia angekaa mpaka akaota mvi. Maduka ya Allidina yalifanya kinyume. Yalinunua kwanza ndipo yakauza. Lete ngozi, lete ufuta, lete pilipili, lete nta, chukua rupia zako. Kodi ukishalipa, kilichobaki kiko hapa hapa dukani, na jora la amerikani liko mbele ya macho yako.

Wenye maduka wetu wanaosema wateja hawana pesa waisome sehemu hii mara mbili.

Pembe zilipopungua, hakuzililia. Mbegu za pamba zilipoanza kugawiwa kwa wakulima wa Uganda mnamo 1903 na 1904, aliiona pamba kama alivyoiona reli, na baadaye akajenga kiwanda cha kuichambua. Aliingia pia katika mafuta, sabuni, soda na samani. Mtu aliyeanza na shanga akamalizia na mashine, na katikati alikuwa benki pia, maana katika miji mingi hakukuwa na benki yenyewe. Serikali ilimtegemea kupitisha fedha na mahitaji, na maduka madogo yalichukua mali kwake kwa mkopo.

Vijana wengi kutoka Kutch na Gujarat walishuka bandarini Mombasa na neno moja tu la kujitambulisha, nalo ni jina lake. Aliwapa kazi ya ukarani, akawapeleka vituo vya mbali, na wengi wao wakaishia kufungua maduka yao wenyewe. Alitoa mali pia bila kuuliza dini ya mpokeaji, na hata kanisa kuu la Namirembe kule Kampala lilipata msaada wake.

Lakini hadithi hii ina upande ambao hausimuliwi sana katika sherehe. Mwaka 1916 Allidina alikwenda Kongo kwa shughuli zake, akapata homa, na homa hiyo ikamuua. Umri wake ulikuwa miaka 65. Biashara ile kubwa ilikuwa imejengwa kichwani mwake. Nani anadaiwa nini na duka gani, nani wa kuaminiwa kule Jinja, pamba ipi inunuliwe na ipi iachwe, yote yalikuwa yake. Mwanawe, Abdul Rasul, alirithi mali lakini si kile kichwa, na hakuishi miaka mingi baada ya baba yake. Juu ya hayo, vita vilipokwisha bei ziliporomoka, na katika muda mfupi kuanzia 1920 rupia ikaondolewa, ikaja florini, kisha shilingi. Kampuni iliyojaa madeni ya rupia, yaliyotawanyika katika maduka ya nchi nzima, haikuwa na mtu wa kuisoma hali hiyo mpya. Katika miaka ya 1920 ikasambaratika na kuuzwa vipande vipande.

Hili ndilo linalonisumbua ninapotazama maduka yetu ya leso na ya viungo. Wazee wetu wengi ni kama Allidina kwa ujuzi. Wanajua leso gani itatoka kabla ya Ramadhani, wanajua jina gani likiandikwa halitanunuliwa Lamu hata kama linagombaniwa Mombasa. Lakini vitabu vya hesabu viko kichwani, simu ya duka iko kwa mjukuu, na mjukuu haambiwi kitu. Anayeijua picha haijui mali, na anayeijua mali haijui picha, wote wako chini ya paa moja.

Abdul Rasul, kabla hajafa, aliamua kumkumbuka baba yake kwa kuijenga shule hapa kisiwani, na ndiyo tunayoiita Allidina Visram mpaka leo. Ilifunguliwa mapema katika miaka ya 1920, wakati ule ule maduka yanafungwa. Maduka mengi yaliyochukua nafasi ya yale ya Allidina huko bara yaliendeshwa na watu aliowafundisha mwenyewe, waliokuwa makarani wake, ambao kila mmoja wao alijua walau sehemu moja ya hesabu.