Kasisi wa ukoo wa makabaila aliyewaanika wenye mashamba

KWA zaidi ya miaka 40, wasomaji wa gazeti la The Times la London walikutana na barua zilizotiwa saini kwa herufi tatu tu: S.G.O. Wenye mashamba wa kaunti ya Dorset, kusini mwa Uingereza, walizisoma kwa hamaki, kwani aliyeziandika alikuwa mtu wa tabaka lao.

Sidney Godolphin Osborne alizaliwa Februari 5, 1808, mwana wa tatu wa Francis Osborne, ambaye baadaye alitunukiwa cheo cha Baron Godolphin. Katika koo za aina hiyo, kifungua mimba ndiye aliyerithi cheo na ardhi. Wadogo zake aghalabu walitafutiwa riziki jeshini au kanisani. Osborne alisomea Rugby na Oxford, akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Mwaka wa 1841 alipewa parokia ya Durweston, Dorset, na Lord Portman, mmiliki mkubwa wa ardhi eneo hilo.

Huko alijionea umaskini wa vibarua, ambao walilipwa shilingi 7 au 8 kwa wiki. Wenyewe hawakuthubutu kulalama. Mnamo 1834, wenzao sita wa kijiji cha Tolpuddle, katika kaunti iyo hiyo, walihukumiwa kupelekwa Australia kwa kula kiapo cha siri walipounda chama chao. Kasisi aliyezaliwa katika jumba la bwana aliweza kusema bila kufukuzwa nyumbani wala kazini. Alitoa ushahidi kwa uchunguzi wa serikali kuhusu wanawake na watoto waliofanya kazi mashambani. Ripoti yake ya 1843 ilitaja nyumba moja katika kijiji jirani cha Stourpaine ambamo watu 11 walilala katika chumba kimoja chenye upana wa futi 10 hivi. Mwaka uliofuata Osborne akaanza kuandika barua zake.

Ikumbukwe kwamba riziki yake mwenyewe ilitoka katika ardhi iyo hiyo, kwa njia ya zaka. Hilo halikumfumba mdomo.

Baada ya njaa kuu ya Ireland alizuru magharibi mwa nchi hiyo, na kitabu chake kuhusu safari hizo kikatoka mwaka wa 1850. Vita vya Crimea vilipozuka, alikwenda Scutari, ambako Florence Nightingale aliwauguza wanajeshi, akaandika kitabu cha 1855 kuhusu hali mbaya ya hospitali hizo. Ajabu ni kwamba bado alipata wasaa wa kuinamia hadubini, akichunguza seli za ngano alizozitia rangi.

Aliitwa Lord Sidney tangu 1859, kaka yake aliporithi cheo cha Duke wa Leeds. Aliiacha parokia mwaka wa 1875, akahamia Lewes, lakini kalamu hakuiweka chini. Mauaji ya Whitechapel yalipoitikisa London mnamo 1888, mzee huyo wa miaka 80 aliandika tena, safari hii kuhusu ufukara wa mitaa hiyo. Alifariki Mei 9, 1889. Barua zake zilikusanywa na kuchapishwa katika majuzuu mawili miaka miwili baadaye.