Barbara McClintock, mama aliyesoma siri ya mahindi

Mwezi wa 10 mwaka 1983, mama mmoja wa miaka 81 alisikia redioni kama ameshinda tuzo ya Nobel ya tiba. Watu wa tuzo hawakuweza kumupigia: nyumbani kwake hakukuwa simu. Jina lake Barbara McClintock, na kazi yake ya maisha yote ilikuwa mahindi.

Alizaliwa mwaka 1902 mjini Hartford, Marekani. Mama yake mzazi hakutaka aende chuo kikuu, juu aliogopa kama binti aliyesoma sana hatapata bwana. Baba ndiye alikubali. Kweli, Barbara hakuolewa. Ila mwaka 1927 alitoka chuo cha Cornell akiwa daktari wa sayansi ya mimea.

Tangu miaka ya 1940 alikuwa Cold Spring Harbor, karibu na New York. Alipanda mahindi yake mwenyewe, akayazalisha kwa mkono, kisha akaangalia seli zake kwa darubini. Gunzi lenye punje za madoadoa, mulimaji analiona na kupita. Yeye hakupita. Wakati ule wataalamu wengi walifundisha kama jeni, vile vipande vya urithi, vinakaa fasi moja tu. Yeye akaona kuna vipande vinavyoruka. Kikitua ndani ya jeni ya rangi, rangi inazimika. Kikiondoka, inawaka tena. Ndiyo yale madoa.

Mwaka 1951 alieleza hayo mbele ya wenzake. Wengi hawakuelewa, na wengine hawakutaka hata kusikia. Kisha mwaka 1953 akaacha kutangaza matokeo yake kwa urefu kwenye majarida, lakini shamba hakuliacha. Ilipita miaka mingi mupaka wengine wakakuta vipande vya kuruka hata ndani ya bakteria. Hapo ndipo walirudi kusoma maandishi yake ya zamani.

Kwenye hotuba yake ya tuzo, aliongea zaidi juu ya kiumbe kinachopatwa na shida: joto kali, ama urithi wake kuvunjika. Alieleza kama seli hailali tu. Inawasha jeni fulani, inazima zingine, na mara ingine inapanga upya urithi wenyewe. Akaacha swali: seli inajua namna gani kama iko hatarini?

Leo swali hilo linapimwa. Wanachukua mumea uliokosa maji na mwenzake aliyenyweshewa, wanatoa ARN, yaani ujumbe unaotumwa na kila jeni, kisha wanahesabu. Jeni ambayo ujumbe wake umezidi kwenye ule wenye kiu, ndiyo iliyoamka. Mashine zinapima maelfu ya jeni kwa mara moja. Mama McClintock alianza na macho, darubini na rangi ya punje.

Alifariki tarehe 2 mwezi wa 9 mwaka 1992, akiwa na miaka 90, bado mutu wa Cold Spring Harbor.