Bhaurao Patil na elimu ya mtoto wa mkulima

Neno raia tunalolitumia kila siku asili yake ni Kiarabu. Neno hilo lilifika India pia, na huko rayat ni mkulima, mtu wa kawaida asiye na cheo. Bhaurao Patil alilitumia kuliita shirika la elimu aliloanzisha mwaka 1919 katika kijiji cha Kale, eneo ambalo tangu 1960 ni jimbo la Maharashtra.

Alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Kumbhoj, Kolhapur. Yeye mwenyewe hakumaliza sekondari. Aliwahi kuwa muuzaji wa plau za kiwanda cha Kirloskar, kazi iliyomfikisha kwa wakulima. Sekondari zilikuwa mijini. Mtoto wa kijijini, hata awe na akili kiasi gani, akija mjini angelala wapi na kula nini? Na kama ni wa tabaka la wasioguswa, nani angempokea?

Jawabu lake lilikuwa bweni. Mwaka 1924 alifungua bweni mjini Satara, watoto wa matabaka mbalimbali wakala chungu kimoja chini ya paa moja. Asiye na ada alilipa kwa jasho lake. Chakula kilipopungua, mkewe Laxmibai aliuza dhahabu yake, hata mkufu wa ndoa, ambao kwa mila zao mke havui mumewe akiwa hai. Mama huyo alifariki mwaka 1930, kazi ikiwa bado changa.

Lakini bweni moja haliwezi kubeba vijiji vyote. Mwaka 1935 Bhaurao alianzisha chuo cha walimu, kisha akafungua mamia ya shule za msingi vijijini. Mwaka 1947 kikafuata chuo cha shahada hapo Satara, ambako kijana alisoma huku akifanya kazi. Alifariki Mei 1959. Leo shirika lake lina taasisi zaidi ya 700.

Wapo wanaodai kuwa mtoto wa kijijini hapendi shule. Maisha ya mtu huyu yanawajibu. Kilichompungukia mtoto yule si akili, bali mahali pa kulala, chakula na mwalimu. Basi tunapochangishana kujenga madarasa mjini, tuulize pia: anayetoka mbali atalala wapi?